Sufuria Nne za Parati

Stashahada yangu imetundikwa juu ya meza ya mapokezi ya nyumba yangu ya wageni hapa Pangani, ndani ya fremu ya mninga niliyomchagulia seremala ubao kwa mkono wangu. Wageni huisoma wakati nikiandika majina yao kitabuni. Siwakatazi, nimeitundika ili isomwe. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kuvuka bahari kwa ajili ya shule, wa kwanza kurudi na karatasi yenye muhuri, na wa kwanza kujenga nyumba ya vyumba kumi na kimoja bila ya kuwa na mjomba serikalini. Mtu akiniambia nina majivuno, namkaribisha anywe chai kwanza, kisha anionyeshe ya kwake.

Wageni wakiniuliza nilisomea nini Marekani, nawajibu kuwa nilisomea utalii na uendeshaji wa hoteli. Wakiuliza zaidi, nawaambia kwamba stashahada hiyo niliipata kwa sababu ya Parati, mji mdogo wa Brazili ambao mpaka leo sijaukanyaga. Hapo wengi huweka mizigo chini.

Nilifika Minneapolis mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwezi wa Januari, nimevaa koti nililoshonewa Tanga ambalo fundi aliniapia linatosha baridi ya nchi yoyote. Halikutosha kutoka mlango wa uwanja wa ndege hadi kwenye gari. Sikulalamika. Ndani ya wiki tatu nilikuwa nimepata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, na kufikia majira ya kuchipua nilikuwa naingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa nane, nabadili shati ndani ya gari langu bovu, na saa tisa nimekaa kiti cha mbele darasani, upande wa Saint Paul. Miaka mitatu nilikwenda hivyo. Sikuchelewa hata mara moja, na mwenye ushahidi wa kinyume sijamsikia.

Watanzania na Wakenya wa huko tulijuana. Tulikutana Idi, Krismasi, harusini na misibani. Wengi walikuwa wauguzi, wahasibu, wahandisi, watu wenye nyumba nje ya jiji ambako bila gari huwezi kununua hata kiberiti. Mimi nilikuwa napangisha chumba kimoja, lakini sikumnyenyekea mtu. Sikuomba lifti, sikuomba godoro, sikuomba hata kuonyeshwa njia. Nilikuwa nikisema hadharani, "Mimi najitosha," na wao wakaniita Bwana Diploma kabla sijaipata. Nililipenda jina hilo.

Kazi ya mwisho ya masomo yetu ilikuwa kueleza mbele ya darasa historia na utamaduni wa mji mmoja mdogo wa watalii, katika nchi isiyo yako. Nilichagua Parati kwa sababu ya picha moja kwenye kitabu cha maktaba: mtaa mwembamba wa mawe, nyumba nyeupe zenye kuta nene, milango ya rangi, lipu iliyobanduka pembeni. Niliitazama nikaona Pangani. Nilisoma vitabu viwili, nikaandaa picha arobaini. Nilieleza jinsi dhahabu ilivyoshushwa kutoka milimani kwa nyumbu na kwa migongo ya watumwa, ikapakiwa meli kwenda Ureno. Jinsi njia nyingine zilivyofunguliwa na reli ikapita mbali, mji ukasahauliwa. Jinsi barabara ya lami ilivyofika miaka ya sabini na watalii nyuma yake. Nikamalizia kwa sentensi niliyojivunia sana: "Mji huu uliokolewa na watalii."

Wanafunzi walipiga makofi. Mwalimu wetu, mwanamke mrefu mwenye mvi aliyewahi kusimamia hoteli kwa miaka mingi, hakupiga.

"Nimeona kuta," alisema. "Nimeona mapaa. Mtu sijamwona hata mmoja. Niambie, mgeni akifika Parati, wenyeji wanampokeaje?"

Nilizirudia picha zangu moja moja. Picha arobaini, na hakuna hata moja iliyokuwa na jibu.

Akanipa mpaka Ijumaa ya wiki ya pili nirudi nalo. Bila jibu, ningerudia muhula, na kibali changu cha uanafunzi kilikuwa kinaisha kiangazi hichohicho. Kurudia muhula maana yake ilikuwa kurudi nyumbani mikono mitupu.

Hilo peke yake ningelibeba. Lakini Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimempigia simu mama yangu, nikamwambia, "Mama, stashahada nimeshaipata." Sikuwa nasema uongo, kichwani mwangu nilikuwa nimeshaipata, ilibaki wao tu kuichapa. Mama akapiga kigelegele nikaondoa simu sikioni. Na mama yangu hakuwa mtu wa kunyamaza na habari. Mjini kwetu ndiye aliyekuwa akitumwa kualika: kukiwa na harusi au maulidi, alijifunga kanga akapita nyumba kwa nyumba, akasimama kila baraza, akataja nani anaoza na lini, na hakuruka hata mlango wa mtu waliyenuniana. Nilijua kufikia Jumatatu yake jioni mji mzima ulikuwa umeshaambiwa.

Basi Jumatatu iliyofuata mtihani, asubuhi, nilikuwa chumba cha kufulia, nakunja mashuka huku nasoma karatasi zangu kwa sauti, nikitafuta mtu ndani yake. Nilifika pale paliposema kanisa la Rozari, lililojengwa na watumwa kwa ajili yao wenyewe. Nyuma yangu pasi kubwa ikazimwa.

Aliyeizima alikuwa mama mmoja mfupi, rika la mama yangu, kazi yake kunyoosha vitambaa vya meza. Tulikuwa tumefanya kazi hatua kumi mbali mmoja na mwenzake kwa miaka miwili. Mimi, niliyesomea kupokea wageni, sikuwahi kumuuliza ametoka wapi. Nilimdhania Mmeksiko, nikaishia hapo.

"Nani kakuambia habari za kanisa letu?" aliniuliza kwa Kiingereza chake cha kuvunjavunja.

"Kitabu."

"Na kitabu kimekuambia nani alikuwa akilifagia?"

"Hapana, Mama."

"Mama yangu." Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaitazama kama mtu anayetazama nguo ya mtoto wake imevaliwa na jirani. "Hii hapa inasema nini?"

Nikamsomea: mji uliokolewa na watalii.

Alicheka mpaka akakaa juu ya kikapu cha taulo. "Walituokoa! Daktari, sisi tulikuwepo. Tulikuwa tunavua, tunapika, tunaoana, tunagombana. Waliosahau ni wao. Sisi hatukujisahau."

Kwao mtu yeyote mwenye elimu huitwa daktari, na tangu siku hiyo hakuniita jina jingine. Mwanzoni niliona ni heshima. Baadaye nilitambua ni mzaha, ila nikaamua kubaki na heshima.

Kwa siku tatu, kila mapumziko, alinipa mji wake. Mwezi ukiwa mpevu, alisema, bahari hupanda ikaingia mitaani kupitia matundu yaliyoachwa makusudi kwenye ukuta, ikasafisha mawe, ikatoka yenyewe. Watoto huvua viatu, watalii hutoa kamera. Hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kubomoa nyumba za zamani na kujenga mpya, ndiyo maana zikabaki. Umaskini wao ndio uliotunza uzuri ambao wengine wanaujia sasa. Alizaliwa katika nyumba yenye dirisha la buluu, mtaa wa pili kutoka kanisani. Barabara ilipofika, baba yake akaiuza kwa mtu wa São Paulo, wakahamia nje ya mji. Miaka michache baadaye yeye akaajiriwa humohumo kufua mashuka, nyumba ikiwa sasa ya wageni.

"Nilikuwa nikitandika kitanda," alisema, "nikijua mama yangu alinizalia kwenye kona ile."

Nilikunja shuka moja mara mbili.

"Sasa unipe jibu la mwalimu," nikasema mwishowe. "Mgeni mnampokeaje?"

"Siku za kawaida, kama hapa. Funguo, taulo, karibu. Lakini ipo Sikukuu ya Roho Mtakatifu." Na hapo uso wake ulibadilika. Kila mwaka, siku hamsini baada ya Pasaka, mji huwa na mwenye karamu. Wiki nyingi kabla, bendera nyekundu huzungushwa nyumba kwa nyumba, na ngoma na nyimbo, ikiomba. Mwenye ng'ombe hutoa ng'ombe, mwenye kikombe cha maharage hutoa kikombe. Mtoto huvikwa taji la mfalme. Kisha chakula hupikwa, na anayekuja anakula: mvuvi, tajiri wa São Paulo, Mjerumani aliyekuja kupiga picha, mlevi. Hakuna mwaliko na hakuna orodha. "Siku ile," alisema, "mji unarudi kuwa wetu, maana sisi ndio tunaogawa."

Nilijua nimepata jibu. Na mimi nikipata jibu silali nalo. Jumatano hiyohiyo baada ya darasa nilizunguka maduka: mchele, maharage, nyama, na unga mkavu wa muhogo ambao Wanaijeria huuita gari, kwenye duka lao, kwa sababu aliniambia bila unga wa muhogo uliokaangwa na vitunguu hakuna karamu. Alhamisi asubuhi nilimfungulia buti la gari nikasimama pembeni nikisubiri sifa.

Alitazama mifuko. "Nani katoa?"

"Mimi."

"Vyote?"

"Vyote. Mimi najitosha, Mama."

Akafunga buti. Hakulibamiza, alilifunga polepole, na hilo ndilo lililoniuma. "Hii siyo karamu, Daktari. Huu ni mkahawa. Mwenye karamu kwetu anaweza kuwa tajiri kuliko mji mzima, na bado lazima bendera yake ibishe hodi. Asiyeomba hana haki ya kugawa." Akageuka kurudi kwenye pasi yake. "Kapeleke nyumbani ule mwenyewe. Mwalimu wako ukamwonyeshe picha."

Nilikasirika siku nzima. Niliwaza: mimi, niliyevuka baridi ile na koti la Tanga, niende kubisha hodi kama mwana wa kuhemea chakula? Lakini zilibaki siku nane, na kila nikifumba macho nilimwona mama yangu kwenye baraza za watu, na kanga yake, akitamka jina langu. Ndipo nikakumbuka kanga nyekundu aliyonipa siku ya safari. Ilikuwa chini ya begi, bado imekunjwa, imeandikwa *Mgeni njoo, mwenyeji apone*. Bendera ya Parati ina njiwa wa Roho Mtakatifu katikati, na mimi ni Mwislamu. Nilimuuliza Mama wa pasi kama kanga yafaa. Akaigusa, akauliza maneno yale yana maana gani. Nilipomweleza, akasema, "Aliyeandika hiyo ana ndugu kwetu."

Jumamosi nikaiweka kwenye kiti cha mbele, na bakuli tupu juu yake, nikaelekea kaskazini.

Mlango wa kwanza ulikuwa Blaine, kwa dada mmoja Mkenya, muuguzi, tuliyesoma pamoja madarasa ya Kiingereza cha kuandika. Nyumba yao ilikuwa mpya hata miti yake ilikuwa bado imefungwa kamba. Alifungua akiwa na sare ya kazi.

"Ngai! Bwana Diploma mwenyewe! Ulipita exit yako ama?"

"Nimekuja kuomba, dada."

"Ku-beg? Wewe?" Akashika mlango kwa mikono miwili. "Ngoja niite bwanangu, hii lazima iwe na witness. Na hiyo leso ni ya nini?"

"Bendera."

"Ya chama gani?"

Nikamweleza, nimesimama pale kwenye baridi ya Aprili: mji, bendera, bakuli, Ijumaa. Nilidhani atacheka zaidi. Aliingia ndani akarudi na maharage, si kikombe, mfuko mzima. "Nimetoka double shift na sijalala," alisema, "lakini nita-drive mpaka huko hiyo Friday nikuone ukigawia watu chakula. Ni saa ngapi?"

"Saa tisa. Lakini dada, ni darasani…"

"Si umesema hakuna orodha?"

Nikashukuru, nikaondoka.

Mlango wa pili ulikuwa Maple Grove, kwa mzee mmoja wa Kitanzania, mhandisi, ambaye sala ya Idi ikiisha sote tulikwenda kula kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingia, baba, unatoa joto nje."

Nilikaa, nikasema shida yangu. Binti yake aliyekuwa kwenye ngazi aliuliza kitu kwa Kiingereza, naye akamjibu kwa Kiswahili, "Kaka yako amekuja kuomba mchele." Yule binti akacheka, akaenda kuuleta. Mzee aliendelea kunitazama.

"Miaka mitatu unakuja kwangu," alisema. "Unakula, unatueleza unavyopanda, unakwenda. Hujaniomba hata chumvi. Unajua mke wangu alikuwa akisemaje? Alisema, huyu kijana wa Pangani hatupendi."

"Mzee! Mimi?"

"Mtu anayekupenda anakusumbua, bwana. Wewe ulikuwa unatukagua tu."

Nimepewa maneno makali maishani na mengi nimeyajibu. Haya niliyachukua kama yalivyo. Nilipokea mchele kwa mikono miwili, na mke wake, aliyekuwa akisikiliza jikoni, akaja kuniongezea samli.

Wa tatu ndio niliouogopa. Eden Prairie aliishi mhasibu mmoja wa Moshi tuliyefika Minnesota mwaka mmoja. Alikuwa na nyumba ya gereji mbili na kazi ya ofisi yenye vioo, na kwenye kila harusi tulishindana kwa maneno mpaka watu wakatutenganisha kwa kicheko. Nilizima gari nje ya nyumba yake nikakaa kidogo. Nilijiambia maharage na mchele vinatosha. Kisha nikasikia sauti ya yule mama: lazima ibishe hodi. Mama yangu pia hakuruka mlango wa waliyenuniana.

Alifungua kabla sijabisha.

"Kumbe siku hizi diploma inaombewa mlango kwa mlango?"

"Ndiyo, kaka. Na leo ni zamu yako."

"Sema 'naomba'."

"Naomba."

"Sijasikia, gari zinapita."

"Naomba, kaka yangu. Naomba sana."

Alinitazama, na nadhani hakutegemea ningelisema. Akageuka akaingia gereji, akatoka na paja zima la ng'ombe limefungwa kwa plastiki. "Usikunje uso. Nimenunua bucha ya Wasomali, najua masharti yako. Yule Mkenya wa Blaine ameshapigia simu jimbo zima, nimekungoja tangu saa tano." Akaliweka kwenye buti yeye mwenyewe, akapapasa vile vitu vyangu nilivyonunua. "Na hivi?"

"Hivi ni vya mkahawa," nikasema. Hakunielewa, ila tulicheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza kati yetu ambacho hakikuwa na mshindi.

Muhogo aliutoa Mama wa pasi mwenyewe, kutoka mfuko aliotumiwa na dada yake. Alhamisi tulipika kwake, sufuria nne: wali, maharage, nyama, na unga wa muhogo uliokaangwa mpaka ukawa rangi ya mchanga. Nilipoukoroga nikanusa jiko letu la Pangani. Muhogo hauna pasipoti. Alinieleza pia kwamba mji wao unajulikana Brazili nzima kwa pombe ya miwa, na kwamba historia isiyo na pombe hiyo ni ya uongo.

"Mimi Mwislamu, Mama. Na chuoni ni marufuku."

Ijumaa akaja na chupa tupu yenye lebo ya zamani. "Nimeimaliza mwenyewe," alisema, "kwa ajili ya elimu yako." Alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu ambavyo sikuwahi kuviona chumba cha kufulia.

Nilikuwa nimepewa dakika kumi na tano. Nilitandika kanga mezani, nikapanga sufuria na ile chupa, nikaanza kusema. Sikuwa nimefika kwenye dhahabu mlango ukafunguliwa: dada wa Blaine na mumewe. Nyuma yao mzee wa Maple Grove, mkewe, binti yao. Nyuma yao mhasibu na watu wengine sita ambao sikuwa nimebisha kwao kabisa, lakini waliopata habari. Wanafunzi wenzangu wakasogeza viti. Mwalimu akaitazama saa yake, kisha akanitazama mimi.

Chakula kilikuwa cha darasa. Kwa hesabu ya hoteli, niliyofundishwa na mwalimu huyuhuyu, kisingetosha. Nilifikiria kuwaomba wageni wangojee nje mpaka mtihani uishe, na nilikuwa nimeshageukia mlango. Mama akaweka mkono kwenye mkono wangu.

"Ukimrudisha mmoja," alisema kwa sauti ya chini, "hukuwa na karamu."

Nikaacha karatasi zangu mezani. "Mwalimu," nikasema, "uliniuliza Parati wanampokeaje mgeni. Tafadhali, chukua sahani."

Nikagawa kijiko kidogo kidogo. Watu walisimama mstari mmoja, mwalimu nyuma ya dada Mkenya aliyekuwa akimweleza habari za bakuli langu na kuigiza sauti yangu nikisema "naomba." Historia niliisema nikiwa na upawa mkononi, kwa kadiri watu walivyouliza. Mmoja aliuliza nani alileta muhogo, nikasema wenyeji wa nchi ile kabla ya Mreno. Mmoja aliuliza watumwa walitoka wapi, nikasema Angola, Kongo, wengine Msumbiji, pwani moja na yetu. Kijana wa darasa letu aliuliza nyumba zile nzuri sasa ni za nani. Nilimtazama Mama. Akafuta mikono, akasimama, akasimulia mwenyewe habari za dirisha la buluu na kitanda alichokuwa akikitandika. Vijiko vikakaa hewani. Kisha akasema, "Mbona mmeacha kula? Kuleni, kinapoa," na watu wakaanza tena.

Kila mtu alipata. Nilipokwangua sufuria ya nyama palibaki mfupa, nikaupata mimi.

Mwalimu alimaliza sahani yake. Hakuniambia mimi, alimuuliza Mama, "Aliyosema ni kweli?"

Mama alifikiri. "Chumvi imepungua," alisema. "Mengine ni kweli."

Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari, akalifunga, akaniambia, "Umenijibu." Na kwa sababu mimi ni mimi, niliuliza nimepata alama gani. Alicheka kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, akaninong'oneza. Ilikuwa ya juu. Sitaitaja, iko ofisini kwangu kwa anayetaka kuiona.

Jumapili nilimpigia mama yangu.

"Mama, kuna jambo. Nilipokuambia nimeipata, nilikuwa bado. Nimeipata juzi."

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilikuzaa mimi. Ulisema haraka mno. Nilipiga kigelegele ili usione haya, kisha nikajifunga kanga nikapita nyumba kwa nyumba. Sikuwaambia umepata. Niliwaambia mwanangu ana mtihani, mwombeeni dua. Wote wameomba. Hata yule wa karibu na bomani, ambaye hatusemi naye."

Kadi ya simu ilikatika kabla sijamshukuru. Siku zilezile, yeye huku na mimi kule, tulikuwa tukibisha hodi kwa ajili ya karatasi moja.

Nilirudi Pangani miaka michache baadaye, nikiwa na uzoefu wa kazi, kontena moja la vitanda, na stashahada. Nyumba niliijenga mwenyewe na nalisema hilo bila haya. Lakini nilipoifungua sikupiga baragumu. Nilichukua bakuli na ile kanga nyekundu, imepauka sasa, nikaanza na mlango wa bomani. Tangu hapo kila mwaka, mfungo wa Ramadhani usipoangukia hapo, nafanya hivyo wiki saba baada ya Pasaka ya jirani zangu Wakristo, na siku ya chakula anakula anayekuja: wageni wa vyumbani, wavuvi, walimu, watoto wa shule na waliokuja kunisengenya. Mwaka juzi Mama wa pasi alinitumia picha kutoka Parati. Alikuwa amerudi kwao, amesimama mbele ya dirisha la buluu. Nyumba bado si yake. Nyuma ya picha aliandika kwamba mwaka ule bendera ilipita mlango kwa mlango mkononi mwake.

Mimi nimeshaanza ya mwaka huu. Juzi asubuhi nilibisha mlango wa kwanza, nikasikia jirani akiburuta ndara zake.

"Bwana Diploma! Vyumba kumi na kimoja, na bado unaomba unga?"

"Bado naomba," nikamwambia, nikamsogezea bakuli.